Kishawishi cha Mnyonya Damu

Jumamosi moja jioni, hapa petu Mutoshi karibu na mji wa Kolwezi, vijana wa parokia walitundika shuka jeupe ukutani mwa ukumbi, wakawasha mashine ya umeme, wakatualika sisi walimu wao tuje kutazama sinema pamoja nao. Viti havikutosha. Wasichana wa darasa la mwisho walikaa mbele juu ya mikeka. Wavulana walisimama nyuma, wakijifanya kwamba hawakuja kwa ajili ya hadithi ya mapenzi. Tulipouliza jina la picha, walijibu kwa Kifaransa: Tentation. Maana yake ni Kishawishi, neno ambalo kila mtoto wa katekisimu hulitamka asubuhi na jioni katika sala ya Baba Yetu. Basi, tukaketi.

Ndugu wasomaji, na tukiri mara moja, wala msitucheke: picha hiyo twaipenda. Tumekwisha kuitazama si mara moja wala mbili. Huenda wako watakaostaajabu kusikia kwamba mwalimu aliyelelewa seminarini anapoteza jioni yake kwa hadithi ya wanyonya damu. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza kwa nini twaipenda, na ni wapi tunapogombana nayo. Maana watoto wetu wanaitazama, tukitaka tusitake. Na mtoto anayetazama bila mwenzi wa kuzungumza naye, picha yenyewe ndiyo inayobaki mwalimu wake.

HADITHI YENYEWE

Picha hii ni ya pili katika mfululizo wa picha tano. Asili yake ni vitabu vya mama mmoja wa Marekani, Stephenie Meyer. Kitabu hicho cha pili kilitolewa mwaka 2006. Picha yake iliongozwa na Chris Weitz, ikatoka mwezi wa Novemba 2009, na katika dunia nzima ikaingiza zaidi ya dola milioni 700. Kwa Kiingereza huitwa New Moon, yaani Mwezi Mwandamo. Jina la Kishawishi ni la Wafaransa, nasi twaona kwamba walichagua vema.

Msichana Bella Swan, anayechezwa na Kristen Stewart, anakaa na baba yake, askari polisi, katika mji wa Forks. Huo ni mji wa kweli, mdogo, wenye mvua nyingi na misitu mikubwa, katika jimbo la Washington. Anampenda Edward Cullen, anayechezwa na Robert Pattinson. Sura ya Edward ni ya kijana wa miaka 17. Lakini yeye ni mnyonya damu, hazeeki wala hafi upesi. Jamaa yake, chini ya daktari Carlisle, wamejinyima damu ya watu. Hujishibisha kwa damu ya wanyama wa mwituni.

Siku Bella anapotimiza miaka 18, jamaa hiyo inamfanyia karamu. Anafungua zawadi, karatasi inamkata kidole, tone moja tu la damu linatoka. Papo hapo mmoja wa ndugu zake Edward anashindwa kujizuia, anamrukia. Edward anamwokoa, lakini moyo wake umekwisha kuona hatari. Anaazimu kumwacha, na ili amwache kabisa anamwambia uongo: kwamba hamtaki tena. Kisha wote wanahama.

Hapo ndipo wasichana wetu walipoanza kulia. Bella ameketi kitini karibu na dirisha. Picha inazunguka polepole kumzunguka, na nje ya dirisha majira yanabadilika, na majina ya miezi yanaandikwa: Oktoba, Novemba, Desemba. Yeye yu pale pale. Hakuna neno linalosemwa. Tumeona picha nyingi za vita na za farasi, lakini ni chache zilizotuonyesha huzuni waziwazi namna ile.

Anayemwinua ni rafiki yake Jacob Black, anayechezwa na Taylor Lautner, kijana wa kabila la Waquileute, ambao ni wenyeji wa kweli wa pwani ile. Wanatengeneza pamoja pikipiki mbili mbovu, na polepole Bella anacheka tena. Jacob naye ana siri yake: hugeuka mbwa mwitu ili kuwalinda watu wake na wanyonya damu.

Mwisho Bella anajirusha kutoka jabalini hadi baharini. Hafi, lakini Edward, aliye mbali, anasikia kwamba amekufa. Anapiga simu nyumbani kwa Bella ili apate hakika. Jacob anapokea, anajibu kwamba baba mtu anashughulikia maziko. Ni kweli, lakini maziko hayo ni ya mzee mwingine. Kwa neno hilo moja lililoeleweka vibaya, Edward anakwenda Italia, mpaka mji wa Volterra, kuwaomba wakuu wa wanyonya damu wamwue. Wanakataa. Basi anakusudia kujionyesha juani saa sita mchana mbele ya umati uliovaa majoho mekundu, ili walazimike kumwua kwa kuvunja siri yao. Bella anakimbia kuvuka uwanja, saa ya mnara inalia, na ukumbi mzima wa Mutoshi ulikuwa umesimama ukipiga kelele kana kwamba anaweza kutusikia. Volterra nao ni mji wa kweli, juu ya kilima katika nchi ya Toscana. Mapokeo husema kwamba Mtakatifu Lino, aliyemfuata Petro katika kiti cha Upapa, alizaliwa huko.

WAZEE WALIMKIMBIA

Wakati picha ikiendelea, mzee mmoja alisimama mlangoni na fimbo yake. Alifanya kazi migodini miaka mingi, sasa amepumzika. Tulitoka kumwamkia.

“Mwalimu,” akauliza, “huyo kijana mweupe usoni, anakula nini?”

“Damu, baba. Lakini amejinyima damu ya watu.”

Akatazama shuka kitambo, akatikisa kichwa. “Basi huyo ni mutumbula. Sisi tulimkimbia, ninyi mnamlilia.”

Neno hilo lilituchoma, nasi tumelitafakari tangu siku ile. Vijana wengi wa leo hawajui batumbula ni nani. Katika siku za utawala wa Wabelgiji, katika miji ya shaba ya Katanga, watu walisimuliana kwamba wako wanaume wanaotembea usiku kwa ujira wa Wazungu, wakikamata watu ili wapelekwe kuliwa. Akina mama waliwaita watoto ndani kabla ya giza. Wala si huku kwetu tu. Pwani ya Afrika Mashariki waliwaogopa mumiani, ambao yasemekana walitoa watu damu ili kufanya dawa. Nairobi na Kampala waliwaogopa wazimamoto. Katika Rodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walikuwako watu waliowadhania hata Mapadre Weupe kuwa ni wanyonya damu!

Mwaka 2000 bibi mmoja Mmarekani, Luise White, mtaalamu wa historia, alitoa kitabu kizima juu ya habari hizo, na sura yake moja ni juu ya miji ya shaba ya pande zote mbili za mpaka wetu. Yeye hatwambii kwamba mambo hayo yalitendeka. Atwambia tusiyacheke, kwa sababu ndani yake watu walisema walivyoiona dunia mpya ya kazi za ajira, ya vyombo vigeni na ya mabwana wasiojulikana nia zao. Nasi wana wa migodi twaelewa. Mtu alishuka shimoni na nguvu zake, akapanda bila nguvu, mwezi baada ya mwezi. Nani aliyezila? Mutumbula lilikuwa jina la swali hilo.

Hata hivyo, ni lazima tuseme na upande wa pili. Uvumi wa namna hiyo huua. Mwaka 2017 katika kusini ya Malawi ulizuka uvumi wa wanyonya damu. Makundi ya watu yakawashika wengine barabarani na kuwaua, watu wasio na hatia yo yote, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika wilaya mbili. Hakuonekana mnyonya damu hata mmoja, ila damu ilimwagika. Mkumbukeni Edward na simu yake: neno moja lililosikiwa nusu lilitosha kumpeleka mauti. Kijana wa Kikristo asipeleke mbele neno asilolihakikisha, awe amelisikia sokoni au amelisoma katika simu yake ya mkononi.

TUNACHOKIPENDA

Je, mzee wetu alisema kweli? Je, twamlilia adui? Hakuwa peke yake katika kulaumu. Picha ilipotoka mwaka 2009, Monsinyori Franco Perazzolo, wa Baraza la Kipapa la Utamaduni, aliishutumu vikali huko Roma. Aliiona kuwa tupu katika mambo ya maadili na yenye mafundisho yaliyopotoka. Hatuwezi kulipuuza neno la mtu kama huyo. Lakini Kanisa lenyewe limetufundisha kutazama kwa akili. Papa Pio wa Kumi na Moja aliandika juu ya sinema mwaka 1936, na Papa Pio wa Kumi na Mbili aliandika tena mwaka 1957 juu ya sinema, radio na televisheni. Wote wawili walionya juu ya ubaya, na wote wawili walisema kwamba chombo hicho chaweza kumwinua mtu. Kwa heshima yote, basi, tunaleta utetezi wetu.

Kwanza, picha hii yajua kwamba mtu ana roho. Baada ya karamu ile, daktari Carlisle anamshona Bella jeraha la mkono, naye anamweleza sababu ya Edward kukataa kumgeuza awe kama yeye: Edward anaamini kwamba wanyonya damu wamepoteza roho zao, wala hataki Bella apoteze ya kwake. Haya, wazazi, ni picha ngapi za mapenzi zinazoletwa nyumbani kwenu ambamo kijana anaiogopea roho ya msichana? Twajua nyingi ambamo kijana hajiulizi hata kama msichana ataweza kuendelea na masomo.

Pili, picha hii yajua kwamba kupenda ni kujizuia. Kiu ya Edward ni ya kweli, na inaungua kila anapomkaribia. Wala hasemi, kama wasemavyo wengi, kwamba kiu ikiwapo ni lazima inywewe. Carlisle naye ni daktari anayekaa siku zote kati ya damu na vidonda, akiponya mahali ambapo angeweza kushiba. Tulipowauliza wavulana wetu ni nani mwenye nguvu kuliko wote katika hadithi, mmoja alijibu: “Daktari, maana amejishinda.” Tungeweza kufundisha juma zima juu ya fadhila ya kiasi tusipate jibu zuri kuliko hilo.

Tatu, mwisho wake ni neno la ndoa. Bella anataka ageuzwe upesi. Edward anaomba miaka, naye anakataa kungoja. Ndipo Edward anapotoa sharti lake moja: kwanza awe mke wake. Ukumbi wetu ulipiga makofi. Mama mmoja aliyeketi karibu nasi aliuliza kwa sauti kama mahari imekwisha kuzungumzwa na baba mtu, na hilo nalo ni swali la haki.

TUNACHOKIKATAA

Sasa twageukia jambo linalotusumbua, wala si jambo la sinema tu.

Katika shule yetu alikuwako msichana mmoja, mwenye akili, wa darasa la mwisho. Hatutamtaja jina. Alipendana na kijana aliyekuwa akipata fedha nyingi katika biashara ya mawe ya kobalti. Kijana alikuja kumchukua shuleni kwa pikipiki mpya, akamwahidi makuu. Kisha siku moja kijana akahama, bila kuaga, na simu yake haikuitika tena. Msichana hakuonekana darasani juma la kwanza, la pili, la tatu. Mama yake alitujia usiku akatuambia, “Mwalimu, mtoto wangu hali. Amekaa anatazama mlango.” Nasi tukakumbuka kile kiti karibu na dirisha: Oktoba, Novemba, Desemba.

Tulikwenda pamoja na sista mmoja. Msichana alituambia maneno yaliyotutia hofu: kwamba sasa amemwelewa Bella, na kwamba anayependa kweli hawezi kuishi akiachwa. Hapo tuliona kosa la picha tunayoipenda. Maana picha hiyo inaonyesha kukata tamaa kuwa ni kitu kizuri. Bella anajitupa hatarini kwa sababu kila anapokuwa hatarini anaiona sura ya Edward. Edward naye, aliposikia habari ya msiba, hakusali, hakuomboleza, hakungoja hata siku tatu. Alikwenda kutafuta kifo. Wote wawili wamefanya mtu kuwa Mungu. Na mtu, hata awe mzuri namna gani, hawezi kuubeba mzigo huo. Akiondoka, dunia yote yaondoka naye. Huo ndio mtego uliofichwa chini ya uzuri, nasi twaona kwamba ndio kishawishi chenyewe cha hadithi, kikubwa kuliko kile cha damu.

Tena twamlaumu Edward kwa uongo wake. Kama ilikuwa lazima aondoke, angemweleza msichana kweli na sababu yake, wala asingemfanya ajidhanie kuwa hafai kitu. Wavulana mnaosoma haya, sikieni: kuachana kwaweza kuwa wajibu; kumwaga moyo wa mtu porini, ukaenda zako, si wajibu hata kidogo.

Yule msichana wetu alipona namna gani? Si kwa hotuba yetu, twakiri. Alipona jinsi Bella alivyoanza kupona mikononi mwa Jacob: kwa rafiki na kwa kazi. Wenzake watatu walikuja kila alasiri kusoma naye, wala hawakumtaja yule kijana. Mama yake hakumruhusu kukaa kitini. Kila alfajiri alimwamsha, akampa ndoo. Baada ya muda tukamwona tena darasani, amekonda lakini anaandika. Jumamosi ile ya picha alikuwako mikekani pamoja na wengine. Ilipofika ile miezi ya dirishani tulimtazama kwa wasiwasi. Hakulia. Aligeuka akatuambia taratibu: “Mwalimu, shida ya Bella ni kwamba mama yake yuko mbali. Hana wa kumwamsha kwenda kuchota maji.”

Tulicheka sote wawili. Lakini msichana alikuwa amesema kweli kubwa: baba yake Bella ni mtu mwema anayempenda mwanawe, na hata hivyo miezi inapita msichana akiwa kitini, kwa sababu hakuna ukoo, hakuna majirani, hakuna parokia inayobisha hodi. Nyumba yetu isiwe hivyo.

KIPIMO

Tumerudi basi kwa mzee wetu na fimbo yake. Yeye alifundishwa kumwogopa anayeishi kwa damu ya wenzake, nasi hatupendi vijana wausahau woga huo. Hapa Mutoshi mnyonya damu wa kweli hana meno marefu. Ni yule ampaye mwanafunzi simu na nguo, na malipo yake ni kuacha shule. Ni yule anayemshusha mtoto shimoni kuchimba, naye akingojea juu na mzani. Uso wake waweza kupendeza, na pikipiki yake yaweza kuwa mpya. Enyi wasichana, kipimo ni kimoja, na Edward mwenyewe amekionyesha siku zake njema: anayekupenda huogopa kukudhuru, naye atajinyima ili wewe ubaki mzima, roho na mwili. Asiyejinyima kitu kwa ajili yako, huyo ana kiu tu.

Wazazi nao tungewaomba wasizime mashine kwa hasira. Ketini pamoja na watoto mtazame, na picha ikiisha ulizeni: Nani alisema uongo? Nani alijishinda? Nani alimwinua aliyeanguka? Mtashangaa kwa majibu.

Asubuhi ya pili ilikuwa Dominika. Wale wasichana waliolia walikuwa katika safu za mbele, macho yamevimba kidogo kwa kukesha, na yule mzee alikuwa nyuma karibu na mlango, mahali pake pa siku zote. Padre alipoiinua kalisi, kengele ikalia, tukainamisha vichwa. Usiku kucha tulikuwa tumetazama hadithi ya viumbe wanaotwaa damu ya wengine ili wasife. Na pale altareni tulikuwa mbele yake Yeye aliyeitoa damu yake mwenyewe ili sisi tuishi, asimnyang'anye mtu hata tone. Baada ya Misa mzee alitupa mkono mlangoni, akauliza kama picha ya tatu itaonyeshwa lini, kwa maana anataka kujua kama baba wa yule msichana amekubali.